Kutoka hodi hadi kufunga jalada: mwongozo kwa afisa ustawi wa jamii anayeanza kazi kwenye kata

Umemaliza chuo, labda pale Kijitonyama, Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Ustawi wa Jamii, umeripoti halmashauri na ukapewa barua ya kwenda kata. Unafika, unaoneshwa meza na kiti kimoja, na kabla hujaweka mkoba chini kuna mama mwenye mtoto mgongoni aliyekaa kwenye benchi tangu asubuhi. Amekuja "pale ustawi", kama watu wanavyosema, na anataka kujua utamsaidiaje leo.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe wa kwenye hiyo meza. Nitashika zaidi mashauri ya watoto, maana ndiyo yatakayojaza kabati lako, ingawa wazee, watu wenye ulemavu na ndoa zenye migogoro nao ni wako. Na kuna jambo moja nitalirudia mpaka mwisho: ziara ya kwanza kila mtu huiendea. Mtoto anakuja kusaidika kwenye ya tatu na ya nne, ambazo hakuna anayekuagiza kwenda.

Kabla ya shauri lolote: ijue kata

Kwanza watu watakuchanganya na mwenzako wa maendeleo ya jamii. Mko wizara moja, pengine mnatumia meza moja. Yeye yuko na vikundi, na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu). Wewe uko na mtu mmoja mmoja na kaya yake. Elewaneni mapema nani anapokea nini, kwa sababu mama aliyekuja kuomba mkopo mara nyingi ana jambo jingine nyuma ya huo mkopo, na mwenzako ndiye atakayelisikia kabla yako.

Wiki mbili za kwanza tembea. Anza kwa mtendaji wa kata, kisha wenyeviti wa mitaa au vijiji, mganga mfawidhi wa zahanati, mwalimu wa malezi wa kila shule, polisi kata, Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi kilicho karibu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, shehe, padri, mchungaji. Wasiokuwa na ofisi usiwaruke. Mama lishe wa stendi anawajua watoto wanaolala pale kuliko mgambo anavyowajua, na bodaboda ndiye atakayekupeleka saa tano usiku.

Kila mmoja muulize swali moja: "Nikipata mtoto usiku asiye na pa kulala, nimpeleke wapi?" Majibu yaandike kwenye daftari la karatasi pamoja na namba za simu, maana simu huzima chaji siku ile ile unayoihitaji. Kisha muulize afisa ustawi wa wilaya orodha ya familia za kuaminika, yaani zile zilizokwisha kuchunguzwa na kukubali kumpokea mtoto kwa muda wakati jambo lake linatafutiwa ufumbuzi. Kama kwenye kata yako hakuna hata moja, hiyo ndiyo kazi yako ya mwezi wa kwanza. Familia ya namna hii haitafutwi saa sita usiku na mtoto amekushika mkono.

Hatua ya kwanza: kupokea shauri

Shauri linaweza kuletwa na mtu yeyote. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa, au kwamba mzazi mwenye uwezo anakataa kumtunza, aziripoti kwa serikali ya mtaa. Baada ya hapo wewe una mamlaka ya kumwita anayelalamikiwa mkazungumza, na akikaidi unalipeleka mahakamani. Wakumbushe watu hili kwenye mikutano ya mtaa. Jirani akijua kwamba kusema ni wajibu wake kisheria, anapata pa kujificha akiulizwa kwa nini alisema. Wanaoogopa kabisa kuja ofisini wape namba 116, simu ya bure ya watoto.

Usimsikilize mtu foleni ikiwa inasikia. Ofisi ikiwa ndogo, toka naye nje mkae chini ya mwembe. Andika maneno yake kama alivyoyasema. Mtoto akisema "anko ananichezea vibaya", andika hivyo hivyo, usimwandikie maneno ya kisheria, kwa sababu siku ya mahakama atakayesimama kusema ni yeye na maneno yake ndiyo haya. Usimhoji mara mbilimbili. Kila anayemwambia "hebu nieleze tena" anamrudisha kwenye tukio. Pata kinachotosha kumlinda leo, mengine waachie waliofundishwa kuwahoji watoto.

Kisha amua: hili linangoja au halingoji?

Ubakaji na ulawiti haungoji hata saa moja. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofanya kazi vizuri zaidi. Mpeleke hospitali yenye Kituo cha Mkono kwa Mkono kama ipo, kwa kuwa pale daktari, polisi na ustawi wanakaa sehemu moja na mtoto hazungushwi. Fomu ya polisi, PF3, inahitajika kwa ajili ya ushahidi, lakini mtu mmoja aifuatilie huku mtoto anahudumiwa. Mwambie mama asimwogeshe na asifue nguo. Nguo ziwekwe kwenye bahasha ya kaki au mfuko wa karatasi, zisiwekwe kwenye mfuko wa nailoni, kwa sababu unyevu huharibu ushahidi.

Na hapa ndipo utakapokutana na wazee wa familia wenye maneno mazuri. Watakuita pembeni, watasema ni aibu ya ukoo, watakwambia upande wa pili wameshakubali kutoa ng'ombe. Waheshimu, waamkie vizuri, na uwaambie bila kupindisha kwamba kosa hili halina suluhu ya nyumbani. Ni jinai, na mtu mzima akitiwa hatiani kwa kubaka kifungo chake hakipungui miaka 30. Wakishajua kwamba umeshatoa taarifa polisi, sauti hubadilika. Kwa hiyo toa taarifa kwanza, kikao kije baadaye.

Mashauri mengine yana nafasi ya kupumua. Matunzo, kwa mfano, ndiyo utakayoyapokea kwa wingi kuliko yote. Mwite baba kwa barua, msikilize bila kumhukumu, na mkikubaliana kiasi kiandikwe, wote watie saini. Pesa ipite kwa simu na ujumbe utunzwe, kwa sababu pesa ya mkononi baada ya miezi miwili haina shahidi. Akikana mtoto si wake, vipimo vya vinasaba vipo kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na mtu hajipeleki mwenyewe. Ombi hupitia mahakamani au kwenye ofisi kama yako. Mara nyingi barua ya vipimo ikishaandikwa, baba anakumbuka.

Hatua ya pili: ziara ya nyumbani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu chuoni tulifundishwa nini cha kujaza kwenye fomu, hatukufundishwa namna ya kukaa kwenye kigoda cha mtu.

Pikipiki iache mbali. Kaya iliyotembelewa na "mtu wa ustawi" itasemwa kisimani hadi jioni. Piga hodi mara tatu, usipojibiwa ondoka. Ukikaribishwa, toa shikamoo kwa wakubwa hata kama umekuja kwa malalamiko juu yao. Kaa pale unapooneshwa. Fomu ibaki kwenye mkoba. Uliza habari za mvua, za shamba, za mgonjwa aliyekuwapo, na huku unauliza macho yako yafanye kazi.

Nitakupa mfano wa kaya moja. Nimebadilisha vya kutosha ili isijulikane. Mwalimu aliniambia kuna binti wa miaka tisa anasinzia darasani kila siku. Anaishi kwa mama yake mkubwa. Nyumba ilikuwa nzuri, imefagiliwa, bati jipya, mama mkubwa mchangamfu sana. Nikaomba maji ya kunywa. Kulikuwa na watoto wanne pale uwanjani, wote wanatosha kutumwa, lakini hakuna hata mmoja aliyetazamwa. Binti yule aliinuka kabla hajaitwa. Aliporudi na kikombe nilimuuliza jina lake, naye akamtazama kwanza mama yake mkubwa usoni, ndipo akajibu.

Nikaomba kwenda msalani, na njia ilipita mlangoni kwa jiko. Nyuma ya mlango kulikuwa na mkeka umekunjwa, juu yake kitenge na daftari la shule, kando gunia la mkaa. Watoto wengine watatu walikuwa na kitanda chumbani. Sikusema kitu. Nilirudi nikakaa. Binti alikuwa amewekewa ungo wa mchele achambue, nikavuta kigoda nikamsaidia kutoa mawe. Tulichambua kimya labda robo saa. Mama mkubwa alipoinuka kumpokea mgeni mwingine, binti akaniambia bila kuinua uso: "Mimi naamka saa kumi kuwasha moto wa maandazi."

Ile sentensi moja isingepatikana kwa swali. Kwa hiyo nenda ukiwa na muda, fanya kazi ya mikono iliyopo, na usimhoji mtoto mbele ya anayemlisha. Angalia analala wapi, anakula na nani, nani anatumwa, viatu vya shule vya nani vimechakaa. Tofauti kati ya mtoto huyu na wengine wa nyumba ile ile itakuambia mengi kuliko umaskini wa nyumba. Umaskini peke yake usiuandike kama kosa la mlezi. Bibi anayelea wajukuu watatu kwenye chumba kimoja na wote wanne wanalalia mkeka mmoja, yule anahitaji msaada, hahitaji kuitwa ofisini.

Nieleze na kosa nililolifanya siku ile. Nilipokuwa naondoka nilimnong'oneza binti: "Usiogope, hutaendelea kukaa hapa." Niliamini nilichosema. Lakini ukoo ulikuwa haujakutana, baba yake mdogo alikuwa safarini, na ofisi niliyotegemea ilichukua muda wake. Ikapita zaidi ya miezi miwili. Niliporudi aliniletea maji kama mara ya kwanza, akajibu kila swali "ndiyo", na hakuniambia tena neno hata moja la ukweli mpaka mwaka ukaisha. Mtoto aliyezoea kudanganywa anahesabu ahadi. Mwambie unachokiweza wewe mwenyewe tu: "Nitarudi Alhamisi." Halafu Alhamisi uende, hata kama huna jipya la kumwambia.

Hatua ya tatu: kuandika

Andika siku hiyo hiyo, kabla ya kulala. Andika ulichokiona na ulichosikia, nani alisema na saa ngapi. Hukumu ziache.

Usiandike: "Mama ni mzembe, anatelekeza watoto."

Andika: "Saa 4 asubuhi nilimkuta mtoto wa miaka 2 peke yake ndani, mlango umefungwa kufuli kwa nje. Jirani alisema mama huuza mboga sokoni na hurudi saa 8 mchana. Kulikuwa na uji kwenye kikombe karibu na mtoto."

Taarifa ya pili inaonesha mama maskini asiye na wa kumwachia mtoto, na inakupa la kufanya. Ya kwanza inakupa mama wa kumlaumu. Ukiombwa na mahakama taarifa ya uchunguzi wa kijamii, hakimu ataisoma kwa macho ya mtu asiyewahi kufika kwenye nyumba ile, na uamuzi wake juu ya mtoto atakaa na nani utategemea sentensi zako. Ziandike ukilijua hilo.

Jalada lifungiwe kabatini. Na kuhusu makundi ya WhatsApp: nakuomba kwa moyo wote, usitume picha ya mtoto kwenye kundi la kata, hata kama ni kundi la viongozi, hata kama mmeziba macho yake. Nimeona picha ya binti aliyeunguzwa mikono ikirudi kijijini kwao kabla yeye hajatoka wodini. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata isingekuwapo, yule binti alirudi shule na wenzake wote wameshaiona ile mikono.

Hatua ya nne: mpango, na familia ikiwamo

Ita kikao cha ukoo. Wajomba, shangazi, baba mdogo, bibi. Mara nyingi mlezi anayefaa yupo mle mle na hakuna aliyewahi kumuuliza. Makao ya watoto yawe ya mwisho kabisa, baada ya ndugu kushindikana na familia za kuaminika kukosekana. Mtoto naye aulizwe, peke yake na kwa wakati wake, anataka kukaa na nani na anaogopa nini.

Mpango uwe na vitendo vidogo vyenye majina na tarehe. "Familia itaboresha malezi" hakuna anayeweza kwenda kulikagua. "Shangazi atampeleka zahanati Jumatatu", "mjomba atanunua madaftari kabla ya shule kufunguliwa", haya unaweza kuyauliza Jumanne ukapata jibu.

Jua vilivyopo ili usiahidi visivyopo. Elimu hadi kidato cha nne haina ada tangu mwaka 2016, hivyo mtoto akiwa nje ya shule uliza sare, madaftari na chakula cha mchana, humo ndimo kikwazo kilimo. Binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule tangu serikali ilipotangaza hivyo Novemba 2021, na bado kuna wazazi wasiojua; nenda naye kwa mkuu wa shule. Cheti cha kuzaliwa kifuatwe mapema, kwa mtoto wa chini ya miaka 5 mikoa mingi husajili kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Mpango wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) wa kunusuru kaya maskini una utaratibu wake wa kuzitambua kaya kupitia mkutano wa jamii, kwa hiyo usimwambie bibi kwamba utamwingiza. Mwambie mkutano utakuwa lini na umsaidie kufika.

Hatua ya tano: rufaa

Rufaa si karatasi. Ukimpa mama barua ya kwenda hospitali ya wilaya, muulize nauli anayo, anamjua nani kule, atawaacha wapi watoto wengine. Piga simu mbele yake, mtaje mtu wa kumpokea kwa jina. Baada ya siku mbili piga tena kuuliza kama alifika. Wengi hawafiki, na kwenye kitabu wanahesabika kwamba wamehudumiwa.

Hatua ya sita: kurudi

Nunua kalenda kubwa ya ukutani. Ukitoka kwenye kaya yoyote, kabla hujakaa, andika namba ya jalada (jina usiandike) kwenye siku utakayorudi. Mwanzoni mimi hurudi ndani ya wiki moja, kisha kila baada ya wiki mbili, kisha kila mwezi. Ziara ya pili watu wamejiandaa: nyumba imefagiliwa, mtoto amevalishwa. Ya tatu wamechoka kujiandaa. Ya nne ndipo mama mkubwa anakuambia kwamba na yeye alilelewa hivyo hivyo, akilala jikoni, na hakujua kuna namna nyingine. Hapo ndipo mnaanza kuzungumza kweli.

Hutaweza kuzirudia kaya zote, nalijua hilo, hasa ukipewa kata zaidi ya moja bila mafuta ya pikipiki. Ndiyo maana kuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii na kamati ya MTAKUWWA ya kata, ile ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Wagawie kaya zenye hatari ndogo, wewe ubaki na zile ambazo usipokwenda huna usingizi.

Usalama wako nao uwe kwenye kalenda. Nyumba yenye panga na pombe usiende peke yako, na kila unapotoka mtendaji ajue uko wapi. Tafuta mtu mmoja wa kazi hii, mkubwa kwako, wa kumpigia jioni ukishindwa kula. Mimi ninaye hadi leo, namwita dada, na kuna siku hatuzungumzi chochote cha kazi.

Hatua ya saba: kufunga

Shauri halifungwi kwa sababu robo mwaka imeisha na taarifa inatakiwa halmashauri. Linafungwa mtoto akiwa salama kwa ziara kadhaa mfululizo, mpango umetekelezwa, na yupo mtu mzima mwingine wa kudumu atakayeona mambo yakiharibika tena, awe mwalimu, shangazi au mhudumu wa jamii.

Mwambie mtoto kwamba unafunga. Wengi wetu tunaacha tu kwenda, naye anabaki akisikiliza kila pikipiki inayopita. Kaeni chini, mweleze kwa lugha yake nini kimebadilika na nani yuko naye sasa. Mwandikie namba yako na 116 nyuma ya daftari lake la hesabu, halafu umwombe azisome kwa sauti uhakikishe hukukosea tarakimu.

Rudi ofisini, andika tarehe na sababu ya kufunga, tia saini, mpelekee msimamizi wako naye atie yake. Jalada liweke rafu ya chini ambayo mkono unafika kwa urahisi, maana baadhi yatafunguliwa tena.